Gramafoni Nzima au Spea? Santuri za Zamani na Kumbukumbu za Kanda ya Ziwa

Ukikaa na mafundi wa magari hata siku moja utaijua hesabu hii: gari zima lina mnunuzi mmoja, gari lililofunguliwa lina wanunuzi ishirini. Huyu anataka injini, yule gia boksi, mwingine milango na taa. Hesabu hiyohiyo siku hizi inatumika kwa gramafoni, ile mashine ya kupigia santuri ambayo baadhi ya wazee wetu waliiita kinanda. Kichwa cha sauti kinauzwa peke yake, mota peke yake, pembe peke yake, hata hendeli ya kukazia springi ina mteja wake. Wateja wako Ulaya, Marekani na India, na kuwapata ni suala la simu tu.

Sasa swali: kama gramafoni ni nzima na bado inaimba, ni sawa kuifungua na kuiuza vipande vipande?

Najua kuna atakayesema hili ni swali la watu walioshiba. Mwanza yetu haidharau chuma chakavu. Hata jina la Makoroboi, pale katikati ya mji, limetokana na mafundi waliogeuza makopo kuwa koroboi, na hakuna aliyewahi kulilia kopo. Kwa hiyo anayetetea gramafoni ana kazi ya kueleza inatofautiana na kopo kwa lipi.

Ilifikaje huku?

Thomas Edison alitengeneza fonografu mwaka 1877, ikiwa inarekodi kwenye silinda. Miaka kumi baadaye Emile Berliner akaja na sahani bapa, na hiyo ndiyo iliyoshinda sokoni. Kwa mtu wa Mwanza, bidhaa kama hiyo ilikuwa na safari ndefu: meli hadi Mombasa, reli ya Uganda iliyofika Kisumu mwaka 1901, kisha stima kuvuka ziwa. Reli kutoka Tabora iliingia Mwanza mwaka 1928. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Siti binti Saad na wenzake walitoka Zanzibar kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza pembe, His Master's Voice. Yaani njia fupi ya mzigo kutoka pwani hadi ziwani na sauti ya Siti kwenye santuri vilizaliwa mwaka mmoja.

Mwaka 1931 kampuni hiyo, kwa kifupi HMV, ikatoa modeli ya 102, inayofungwa na kubebwa kama sanduku la safari. Haikuhitaji umeme wala betri. Kwa vijiji vya pamba, ambako hela iliingia kwa msimu na nguzo ya umeme haikuwepo, mashine ya aina hiyo ilikuwa na maana kamili.

Ndani ya sanduku

Tufungue kidogo, kwa maneno tu. Ukizungusha hendeli unakaza springi. Springi ikijikunjua inazungusha gia, na gia zinazungusha sahani. Springi peke yake ingeanza kwa kasi na kumalizia kwa kuchoka, mwimbaji akaanza na sauti nyembamba na kuishia na sauti ya mzee mwenye mafua. Ndiyo maana kuna kidhibiti mwendo: vizito vitatu vidogo vinavyozunguka. Mwendo ukizidi, vizito vinatanuka kwenda nje na kuvuta kisahani kinachogusa kipande cha ngozi. Msuguano unapunguza kasi, na mashine inatulia kwenye mizunguko 78 hivi kwa dakika. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 unakwisha kwa dakika tatu hivi.

Sindano ya chuma nayo inafuata mfereji wa santuri na kutikisika. Mtikisiko huo unafika kwenye kiwambo chembamba cha ulanga au cha alumini ndani ya kichwa cha sauti, kisha pembe inausaidia usukume hewa ya kutosha kujaza chumba.

Hapa ndipo kopo na gramafoni vinapoachana. Vipande vyake vilipimwa viendane. Badilisha kichwa cha sauti au pembe, wimbo uleule utatoka na sauti nyingine. Leo unaweza kuupata wimbo wa zamani kwenye simu, lakini simu haikuambii aliyekaa barazani miaka ya 1930 alisikia nini hasa: besi ilikuwa na nguvu kiasi gani, maneno yapi yalimezwa na mkwaruzo. Hilo linajibiwa na mashine ambayo bado ina vipande vyake.

Kuna ushahidi mwingine ambao ni wetu zaidi. Kibandiko cha duka kinaonyesha mashine ilinunuliwa wapi. Springi iliyokatika ikaunganishwa kwa ribiti, kipande cha ngozi kilichokatwa upya kwa mkono, skrubu isiyotoka kiwandani: hizo ni alama za mafundi wetu, ambao majina yao hayapo kwenye kitabu chochote. Kiwanda cha Uingereza kina historia yake iliyoandikwa, lakini ya fundi wa huku iko ndani ya lile sanduku tu. Mashine ikifunguliwa, springi ikaenda Uholanzi na sanduku likawa kuni, hakuna tena wa kuisoma.

Kuvunja siyo dhambi siku zote

Tuwe wakweli hata hivyo: kuna kuvunja kunakookoa. Mfano mzuri unatoka nchini mwetu, ingawa ni kusini, mbali na ziwa. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alizunguka maeneo ya Lindi, Masasi na Newala akiwa na fonografu, akirekodi nyimbo kwenye silinda za nta. Silinda za namna hiyo zilipelekwa kwenye hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900. Nta ni laini, kila ukiipiga inalika. Berlin walichofanya ni kuitumia silinda kutengeneza kalibu ya shaba, na katika kazi hiyo nta ya asili kwa kawaida iliharibika. Lakini kwenye kalibu ile waliweza kumimina nakala nyingine. Kitu kilikufa, habari iliyokuwa ndani yake ikahama salama. (Kwamba sauti za babu zetu zikalala Berlin badala ya Newala, hilo ni deni jingine.)

Hata spea zenyewe zina utetezi wake. Hakuna kiwanda kinachotengeneza kichwa cha sauti cha HMV leo. Baadhi ya vichwa vilitengenezwa kwa aloi ya zinki inayovimba na kupasuka yenyewe kadiri miaka inavyopita. Mashine iliyoliwa na mchwa, mota ikaganda kwa kutu, ikitoa kiungo kimoja kufufua nyingine mbili, hiyo ni busara. Hata ngoma za Wasukuma hubadilishwa ngozi, na ngoma ikabaki ile ile. Ila hakuna mwenye akili anayechana ngoma inayolia ili auze ngozi.

Shida nyingine ni kule spea zinakoishia. Sehemu ya mota na vichwa vya sauti haifufui chochote. Inawekwa kwenye visanduku vipya vyenye pembe ya shaba inayong'aa, vinavyotengenezwa kwa wingi India na kuuzwa kwa watalii kama vya kale. Hapo gramafoni ya kweli imekufa ili ya uongo izaliwe. Tumepoteza ushahidi na tumeongeza uongo kwa mpigo mmoja.

Deni ni la nani?

Sheria haitusaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda masalia ya kabla ya 1863, milango iliyochongwa kabla ya 1940 na vitu vya kiutamaduni vilivyotengenezwa hapa nchini. Gramafoni iliyotoka kiwandani Uingereza mwaka 1935 haimo, isipokuwa Waziri aitangaze. Makumbusho nayo haiwezi kubeba kila kitu. Pale Bujora, Kisesa, kazi aliyoianzisha Padri David Clement ya kutunza ngoma na vifaa vya Wasukuma inatosha kuujaza uwanja.

Basi tunabaki na maadili. Msimamo wangu ni kwamba lawama isianzie kwa mwenye nyumba. Mama aliyerithi sanduku lenye vumbi na ana ada ya mtoto ya kulipa ana haki ya kuuza mali yake, na hana sababu ya kujua kidhibiti mwendo ni nini. Deni liko kwa anayejua: dalali, mkusanyaji na fundi. Yeye ndiye anayejua kwamba mashine ni nzima, kwamba spea zitamlipa zaidi, na kwamba kitakachopotea hakirudi. Kadiri unavyojua, ndivyo unavyowiwa.

Na deni hilo linalipika. Mashine inayoimba, au inayohitaji grisi na springi tu, iuzwe nzima, hata kama faida itapungua. Iliyokufa kweli ifunguliwe, lakini kwanza ipigwe picha, namba na kibandiko cha duka viandikwe, na mwenye nyumba aulizwe: nani aliinunua, mwaka gani, kwa hela ya nini, na ni santuri zipi zilizopigwa mpaka zikaisha? Kazi hiyo haichukui hata nusu saa, na simu ileile iliyompata mteja inaweza kurekodi majibu.

Watu walionunua mashine hizi kwa hela ya pamba wengi wameshatutoka. Watoto wao, waliokuwa wakitumwa kuzungusha hendeli, sasa ndio wazee wetu. Springi unaweza kuipata tena kwa kununua. Majibu yao, ukiyakosa leo, huna pa kuyaagiza.