Meza ya Miadi

Tunduma, mtu akishikwa na njaa hapigi simu kwanza. Anaingia kwa mama ntilie, anavuta benchi, anauliza leo kuna nini. Dereva wa lori la kwenda Lubumbashi na kibarua aliyetoka kushusha mizigo upande wa Nakonde wanakaa ubao mmoja, na sufuria ikiisha, imeisha. Anayepita wakati wenzake wanakula ataambiwa "karibu", naye atajibu "asante, endeleeni", hata kama tumbo linamnguruma. Karibu hiyo haigharimu kitu. Ikikosekana, itazungumzwa wiki nzima.

Kwa watu waliokulia katika desturi hiyo, mgahawa unaomrudisha mgeni kwa sababu hakuweka miadi ni kituko. Hata hivyo migahawa ya aina hiyo ipo, na katika upishi wa Kichina ina historia ya kutosha kutufanya tuiangalie tena historia yetu wenyewe.

Utaratibu wake uko hivi. Meza ni chache, pengine moja tu. Unapiga simu siku kadhaa kabla. Unataja idadi ya watu, kiasi mtakachoweza kulipa kwa kila kichwa, na vitu msivyokula. Unatanguliza sehemu ya malipo. Menyu huichagui, anaipanga mpishi kulingana na alichokipata sokoni. Ukidhani ni maringo, fika jikoni. Jongoo bahari aliyekaushwa hulowekwa na kuchemshwa kwa siku kadhaa kabla hajalainika. Mchuzi wa kuku na bata hukaa motoni kwa saa nyingi. Chakula kama hicho hakiwezi kumngoja mtu ambaye huenda asitokee.

Mfano maarufu zaidi wa meza hiyo ulianzia katika nyumba ya mtu. Tan Zongjun, mwenyeji wa Guangdong, alikuwa ofisa wa dola ya Qing jijini Beijing katika nusu ya pili ya karne ya 19. Alipenda kula vizuri na kuwakaribisha wenzake, na nyumbani kwake ladha za kusini zikachanganyika na za kaskazini. Baadaye mwanawe aliendeleza mapenzi hayo hadi mali ikaanza kupukutika, na dola yenyewe ilipoanguka, familia ikaanza kuuza karamu mlemle nyumbani. Meza zilikuwa chache na ilibidi kuagiza mapema. Inasimuliwa kwamba sharti lilikuwa moja: mteja aliyelipia karamu alipaswa kumtengea mwenye nyumba kiti na sahani, ili naye akae na kuonja. Mwaka 1958 wapishi wa mtindo huo walihamishiwa Beijing Hotel, na chakula cha nyumba ya Tan kikawa cha kuwakirimu wageni wa serikali. Wazo la jiko la nyumbani linalouza kwa miadi liliibuka tena kwa nguvu Hong Kong mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya msukosuko wa fedha wa Asia, pale wapishi walipoanza kulisha watu katika vyumba vya ghorofani visivyo na kibao mlangoni.

Pwani yetu haikuwa mbali na meza hizo. Majongoo bahari na mapezi ya papa kutoka maji ya Zanzibar na Mafia yamesafirishwa kwenda Uchina kwa miaka mingi, huku wavuvi wenyewe wakiwa hawali jongoo hata kwa dawa. Upande wa pili, sahani zilikuja. Makaburi ya kale ya Kunduchi yana nguzo zilizopachikwa vyombo vya kaure ya Kichina. Tulipeleka kitoweo, tukapokea sahani, na hatukukaa pamoja kula.

Huku bara, katika nchi ya Wanyiha na Wanyamwanga ambayo tangu 2016 ni Mkoa wa Songwe, Wachina walifika wenyewe. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ilibaki na shaba yake bila njia salama ya kwenda baharini. Nchi za Magharibi zilikuwa zimekataa kugharimia reli ya kwenda Dar es Salaam, zikisema hailipi. Uchina ikakubali. Mkataba ulisainiwa Beijing Septemba 1967, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, na Agosti 1973 reli ikafika mpakani Tunduma. Mwaka 1976 njia nzima ya kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi ilikabidhiwa rasmi. Katika miaka hiyo Wachina kati ya 30,000 na 50,000 walifanya kazi hapa kwa zamu. Baadhi yao wamezikwa nje kidogo ya Dar es Salaam.

Umati wote huo wa watu, kwa miaka yote hiyo, ulikula wapi?

Ulikula kambini, peke yake. Walilima mboga zao kando ya mabanda na kupika wenyewe. Sababu mojawapo ilikuwa imeandikwa. Januari 1964, akiwa ziarani Afrika Magharibi, Waziri Mkuu Zhou Enlai alitangaza kanuni nane za misaada ya Uchina. Ya nane ilisema kwamba mtaalamu wa Kichina aishi kwa kiwango kilekile cha mtaalamu wa nchi anayoisaidia, asidai upendeleo wala starehe za pekee. Watu wetu walikuwa wamezoea mhandisi wa Kizungu mwenye nyumba kilimani, mpishi na mtumishi wa kumfulia. Mchina aliyelala bandani na kushika sururu mwenyewe alikuwa jambo jipya, na wazee wengi wa kando ya reli bado wanalisifu.

Ila mtu anayejitosheleza kwa kila kitu hahitaji jirani. Mchina hakuomba chumvi wala hakuagiza kuku. Nidhamu iliyomzuia asijitukuze juu yetu ndiyo hiyohiyo iliyombakiza ndani ya uzio wake.

Babu yangu alikuwa kibarua kwenye kipande cha kati ya Mbeya na Tunduma. Lugha yao kazini ilikuwa mikono: fundi alifanya, kibarua akaiga, akikosea akashikwa kiganja na kurekebishwa. Mchana Wachina walirudi kambini kwao, na babu na wenzake wakafungua ugali na maharage yao chini ya mti. "Alinishika mkono kunionyesha nyundo inavyoshikwa," ananiambia, "lakini mpaka leo sijui alikuwa anakula nini." Jioni wakipita karibu na uzio walisikia vicheko na sauti za vyombo. Harufu ya kitunguu saumu kinachokaangwa anaikumbuka vizuri kuliko jina la fundi wake.

Wanahistoria wa reli hii huandika kuhusu mkopo usio na riba, mahandaki, madaraja, na bidhaa za Kichina zilizouzwa madukani ili kupata fedha za kulipia gharama za ndani ya nchi. Hayo yote ni ya msingi. Lakini kwa hesabu za kijijini kwetu, undugu hauanzi kwenye mkataba. Huwezi kusema unamjua mtu ambaye hujawahi kunawa naye maji ya bakuli moja. Taifa zima lilifundishwa neno "urafiki", likapewa kiwanda cha nguo chenye jina hilo Dar es Salaam, na bado mzee aliyetandika mataruma hajawahi kuambiwa "karibu" na watu aliotandika nao.

Jambo hili halijapita. Septemba 2024, Beijing, Rais Samia Suluhu Hassan, Rais Hakainde Hichilema na Rais Xi Jinping walishuhudia kusainiwa kwa hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Wachina watarudi kwenye njia hiyo, na safari hii hakuna atakayewazuia kuishi kwa starehe. Uzio wa kambi sasa unaweza kuwa wa bei: anayeweza kulipia meza ataketi, na kibarua atarudi chini ya mti wake.

Ndiyo maana ninaandaa ziara ya chakula cha jioni. Nimekusanya fedha za twisheni kwa miezi kadhaa, na nimepata mgahawa mdogo wa Kichina jijini Dar es Salaam unaopokea watu kwa miadi tu. Babu atakuja kliniki ya macho, kwa hiyo nauli haina shida. Shida ni babu mwenyewe. Kwanza aliuliza kwa nini tule kwa bei ya mbuzi mzima. Nikamweleza habari za mchuzi unaokesha motoni. Akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Na wao watakaa na sisi?"

Nilirudi kuisoma habari ya nyumba ya Tan na kile kiti cha mwenyeji. Nilipopiga simu, mwanamke aliyepokea, mwenye Kiswahili cha Kariakoo kabisa, aliniuliza maswali ya kawaida. Siku gani? Ijumaa. Kuna mtu haruhusiwi kula kitu fulani? Babu apunguziwe chumvi, ana presha. Mko wangapi?

Nikasema tuko wawili, lakini naomba meza ya watatu, na kiti cha tatu tutakilipia. Ni cha mpishi, kama atakubali kukaa hata dakika kumi. Simu ikawa kimya. Nikasikia akimsemesha mtu kwa Kichina, na mtu huyo akicheka.

"Anauliza," akasema, "huyo babu anapenda kitunguu saumu?"