Jinsi Sony ilivyoifungia Linux mlango katika PlayStation 3

MTAMBO wa michezo ya video ni tarakilishi kamili. Ndani yake mna prosesa, kumbukumbu, diski na mfumo endeshi, sawa na ile iliyo juu ya meza ya karani ofisini. Tofauti ni kwamba kampuni inayouunda huufunga kwa kufuli ya kielektroniki, usije ukaendesha programu ambayo kampuni yenyewe haikuiidhinisha. Anayetaka kuuwekea mfumo endeshi mwingine hana budi kwanza kuivunja kufuli hiyo, na hapo ndipo uhasama baina ya kampuni na wateja huanzia.

PlayStation 3 ya kampuni ya Sony kutoka Japani ilikwenda kinyume na desturi hiyo. Ilipoanza kuuzwa Japani na Marekani mnamo Novemba 2006, na Ulaya mnamo Machi 2007, ilikuwa na mlango ambao Sony yenyewe iliuweka na kuutangaza. Mlango huo uliitwa Other OS. Mwenye mtambo aliweza kuupitia akaweka Linux, mfumo endeshi usiolipiwa ambao huandikwa na wataalamu kote duniani, kisha akautumia mtambo wake kuandika barua, kuvinjari mtandao au kukokotoa hesabu.

Miaka mitatu na miezi kadhaa baadaye, Sony iyo hiyo iliufunga mlango huo katika mitambo ambayo wanunuzi walikuwa wameshailipia na kuiweka sebuleni mwao. Swali lililozuka, yaani iwapo muuzaji ana haki ya kurudi na kutwaa sehemu ya kitu alichokwisha kuuza, lilifika mahakamani na kukaa huko miaka minane.

Sony haikuwa mgeni katika jambo hili. Katika miaka ya 1990 iliuza PlayStation nyeusi iliyoitwa Net Yaroze, iliyokusudiwa watu waliotaka kujifunza kuunda michezo yao wenyewe. Mnamo 2002 ikauza Marekani na Ulaya vifaa maalumu vya kuweka Linux katika PlayStation 2, ikiwemo diski ya gigabaiti 40, kibodi, kipanya na kifaa cha kuunganisha mtandao. Microsoft, kwa upande wake, ilikuwa imetoa Xbox mnamo 2001 ikiwa imefungwa kila upande, na wakereketwa wa Linux wakaingia humo kwa kutafuta nyufa.

Kilichoifanya PlayStation 3 iwatamanishe wataalamu ni prosesa yake, Cell, iliyoundwa kwa ushirikiano wa Sony, Toshiba na IBM. Prosesa hiyo ilikuwa mithili ya nyapara mmoja na vibarua wanane. Nyapara aligawa kazi, nao vibarua wakakokotoa kwa kasi kubwa na kwa wakati mmoja. Kibarua mmoja alizimwa kiwandani, ili chipu yenye dosari ndogo isitupwe, na wa pili aliwekewa mfumo wa Sony. Aliyeweka Linux alibakiwa na sita. Mtambo wenyewe uliuzwa Marekani kwa dola 499 au 599 kulingana na ukubwa wa diski, na kwa bei hiyo Sony ilikuwa ikipata hasara katika kila mtambo. Matarajio yalikuwa kwamba hasara ingefidiwa na mauzo ya michezo.

Kazi ya kuweka Linux haikuhitaji bisibisi wala ujanja. Hatua ya kwanza ilikuwa kuhifadhi kwingine kila kilichokuwa kwenye diski, kwa sababu kugawa diski kulifuta kila kitu. Katika orodha ya mipangilio, mwenye mtambo alichagua kuigawa diski kwa njia moja kati ya mbili: ama gigabaiti 10 ziende kwa mfumo mgeni na zilizosalia zibaki kwa michezo, ama michezo ipewe gigabaiti 10 na mgeni achukue zilizosalia. Sony haikuruhusu mgawanyo wa namna nyingine.

Baada ya hapo alihitaji faili ndogo iliyoitwa otheros.bld. Aliiweka kwenye flashi, ndani ya folda ya otheros iliyokuwa ndani ya folda ya PS3, na kosa la herufi moja tu katika majina hayo lilitosha kuufanya mtambo udai kwamba hakuna kitu. Faili hiyo ilikuwa programu ya kuwashia. Ilipokwisha kuingia, alibadilisha mpangilio ili mtambo ukiwashwa uanze na mfumo mgeni badala ya ule wa michezo, akachomeka kibodi na kipanya, akatia diski ya Linux na kuuzima mtambo kisha kuuwasha upya.

Skrini ya televisheni sasa ilionyesha maandishi meupe juu ya weusi, mandhari ambayo sebule nyingi hazikuwa zimewahi kuyaona. Kutoka hapo kazi iliendelea kama katika tarakilishi yoyote. Aina ya Linux iliyojulikana zaidi ilikuwa Yellow Dog, iliyotolewa na Terra Soft, kampuni ndogo ya jimbo la Colorado, Marekani. Wengine walitumia Fedora au Ubuntu. Aliyetaka kurejea kwenye michezo aliandika amri ya boot-game-os, na PlayStation ya kawaida ikarudi na michezo yake yote.

Hata hivyo, aliyetarajia tarakilishi ya kifahari alivunjika moyo. Kumbukumbu kuu ilikuwa megabaiti 256 pekee, na sehemu yake ilichukuliwa na programu ya ulinzi ambayo Sony iliiweka chini ya Linux. Programu hiyo ilikaa kati ya mfumo mgeni na mtambo kama bawabu wa jumba, ikiamua ni chumba gani kifunguliwe na kipi kisifunguliwe. Chumba kilichofungwa kabisa kilikuwa chipu ya picha. Linux haikuruhusiwa kuitumia ipasavyo, hivyo madirisha yalijongea polepole na michezo ya kisasa haikuwezekana. Pengine hilo ndilo lililokuwa lengo: Sony haikutaka mtu aunde michezo na kuiuza pasipo kuilipa ada.

Wanasayansi hawakujali picha. Mnamo 2007, Gaurav Khanna, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Dartmouth, aliunganisha PlayStation 3 kadhaa, nyingine zikiwa zimetolewa na Sony bila malipo, ili kukokotoa mienendo ya mashimo meusi angani. Mwishoni mwa 2008, watafiti walitumia mitambo 200 iliyokuwa katika taasisi ya teknolojia ya EPFL mjini Lausanne, Uswisi, kuonyesha kwamba mbinu ya MD5, iliyokuwa bado ikitumiwa kuthibitisha uhalali wa tovuti salama, ingeweza kughushiwa. Jamaa ya karibu ya prosesa hiyo, iliyoboreshwa na IBM, ilitumiwa katika tarakilishi ya Roadrunner huko Los Alamos, ambayo mnamo 2008 ilikuwa ya kwanza duniani kupita hesabu trilioni 1,000 kwa sekunde.

Mteja mkubwa kuliko wote alikuwa Jeshi la Angani la Marekani. Maabara yake iliyoko Rome, jimbo la New York, ilinunua PlayStation 3 zipatazo 1,760 na kuziunganisha ziwe tarakilishi moja iliyoitwa Condor, iliyozinduliwa mwishoni mwa 2010. Ilikuwa na uwezo wa hesabu trilioni 500 kwa sekunde na iligharimu takriban dola milioni 2, kiasi kidogo mno kwa nguvu za namna hiyo.

Hapa pana jambo ambalo halikusemwa wazi katika matangazo ya Sony. Mteja anayenunua mitambo elfu moja na mia saba bila kununua mchezo hata mmoja ni hasara iliyozidishwa mara elfu moja na mia saba. Sifa zilizoletwa na wanasayansi zilikuwa tamu, lakini hazikuingia kwenye hesabu za faida.

Dalili ya kwanza ya mabadiliko ilionekana mnamo Septemba 2009, PlayStation 3 nyembamba ilipoingia madukani bila Other OS. Wenye mitambo ya zamani walihakikishiwa kwamba yao haitaguswa. Kisha, mnamo Januari 2010, kijana Mmarekani George Hotz, aliyekuwa tayari amepata umaarufu kwa kuifungua simu ya iPhone, alitangaza kwamba amempita yule bawabu. Alikuwa ameweka Linux kwa njia halali, halafu akatumia mpigo wa umeme kwenye nyaya za kumbukumbu ili kuichanganya programu ya ulinzi. Kwa hiyo Sony ilipotaja usalama kuwa sababu, haikuwa ikizua jambo.

Tarehe 28 Machi 2010, kampuni hiyo ilitangaza kwamba toleo jipya la programu ya mtambo, nambari 3.21, lingeondoa Other OS kuanzia Aprili 1. Wengi waliichukulia kuwa mzaha wa Siku ya Wajinga. Haukuwa mzaha. Mwenye mtambo aliachiwa hiari, ila hiari yenyewe ilikuwa ya ajabu. Akilikubali toleo hilo, Linux yake na faili zote zilizokuwa humo hazifikiki tena. Akilikataa, hawezi kuingia kwenye mtandao wa PlayStation, hawezi kucheza na wenzake mtandaoni, na michezo au filamu za Blu-ray zinazohitaji toleo jipya hazitachezeka. Mtu alikuwa amenunua mtambo mmoja wenye kazi mbili, na sasa aliambiwa achague kazi moja.

Hata jeshi liliguswa. Mitambo yake haikuunganishwa na mtandao wa Sony, hivyo haikulazimika kupokea toleo hilo, lakini maabara ilieleza mnamo 2010 kwamba ingekuwa vigumu kuibadilisha itakayoharibika. Mtambo uliopelekwa kwa Sony kutengenezwa ulirudi ukiwa na programu mpya, mlango umezibwa.

Mwezi huohuo wa Aprili kesi ilifunguliwa katika mahakama ya serikali kuu huko California kwa niaba ya wanunuzi wote. Walalamishi walisema walilipia kifaa chenye Other OS kama kilivyotangazwa, na kwamba kuiondoa ni kuwanyang'anya walichokilipia. Sony ilijitetea kwa masharti ya matumizi, yale maandishi marefu ambayo kila mteja hubofya kukubali bila kuyasoma, ambayo yaliipa nafasi ya kubadilisha programu na huduma zake. Mnamo Desemba 2011 kesi ilitupwa. Jaji alikiri kwamba hasira ya wateja inaeleweka, ila hakuona msingi wa kisheria wa madai yao. Januari 2014 mahakama ya rufaa ilifufua sehemu ya kesi, hasa madai yaliyohusu matangazo ya kupotosha.

Mapatano ya kwanza yalifikiwa mnamo 2016. Aliyeweza kuthibitisha kwamba aliwahi kuweka Linux angepata dola 55, na mnunuzi wa kawaida dola 9. Jaji aliyakataa mapatano hayo mapema 2017. Ya pili, yaliyoidhinishwa mnamo 2018, yalitenga dola milioni 3.75 kwa jumla, ada za mawakili zikiwemo, na kila mdai angepata hadi dola 65. Wanunuzi waliohusika walikadiriwa kufikia milioni 10. Fedha hizo zingegawiwa kwa wote, kila mmoja hangepata hata nusu dola.

Wakati mawakili wakibishana, wengine walikuwa na jibu lao. Mwishoni mwa Desemba 2010, katika kongamano la wataalamu wa usalama wa tarakilishi mjini Berlin, kundi la fail0verflow lilieleza jinsi kufuli yote ya PlayStation 3 ilivyovunjika. Sony hutia sahihi ya kielektroniki kwenye kila programu inayoidhinisha, na mbinu iliyotumika hudai nambari mpya ya kubahatisha kila mara sahihi inapotiwa. Sony ilitumia nambari ileile kila mara. Kwa mwanahisabati, sahihi mbili za namna hiyo zinatosha kupiga hesabu ya aljebra na kuupata ufunguo wa siri wenyewe. Kundi hilo lilisema shabaha yake ilikuwa kuirudisha Linux, likaongeza kwamba mtambo huo ulikaa miaka mingi bila kuvunjwa kwa kuwa wenye ujuzi wa kuuvunja walikuwa tayari wamepewa walichokitaka. Tangu mlango ufungwe hadi kufuli ivunjwe ilipita miezi tisa.

Hotz alichapisha ufunguo mkuu Januari 2011, na siku chache baadaye Sony ikamshtaki. Walipatana mwezi Machi mwaka huo, Hotz akikubali amri ya mahakama ya kutoichezea tena mitambo ya kampuni hiyo. Ufunguo wenyewe haukuweza kurudishwa, ulikuwa umeshaenea.

Khanna naye aliendelea. Baadaye Jeshi la Angani lilimpa mitambo mingine zaidi, akaipanga ndani ya kontena yenye majokofu ili isipate joto kupita kiasi.

Uundaji wa PlayStation 3 nchini Japani ulikoma mnamo 2017, lakini mitambo hiyo ingali inauzwa kama mitumba. Anayetaka kuijaribu Linux kwa njia ya zamani anahitaji ule mnene wa mwanzo, wala si mwembamba, na ni lazima uwe na toleo nambari 3.15 au la chini yake. Nambari hiyo huonekana kwenye mipangilio, katika ukurasa wa taarifa za mfumo, na ni vyema kuitazama kabla ya kutoa pesa. Muuzaji aliyeuunganisha na mtandao hata mara moja tu, akakubali toleo jipya ili aonyeshe kwamba unafanya kazi, atakuwa amekwisha kuuziba mlango, na mipangilio ya kawaida haina njia ya kurudi nyuma.