Asili ya Kulika Upande kwa Mipira ya Eropleni Ndogo

Eropleni ya ndugu Wright, iliyoruka Marekani mwaka 1903, haikuwa na magurudumu yake yenyewe: ilishika mwendo juu ya reli ya mbao, ikatua mchangani kwa miguu ya kuteleza, na mafundi wake hawakupata kujua adha ya mpira uliolika upande. Magurudumu yenye mipira ya upepo yalipoenea baadaye, viwanja vingi vilikuwa vya majani, nayo majani huteleza, hata gurudumu lililokaa kombo likaburutwa pasipo madhara makubwa.

Viwanja vya lami vilipozidi kuenea, uliingia pia mguu wa eropleni wa namna mpya. Steve Wittman wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin, rubani wa mashindano na muundaji hodari, alibuni mguu wa bapa moja la chuma cha springi; kampuni ya Cessna ikapata haki ya kuutumia, ikaufunga katika eropleni za 120 na 140 za mwaka 1946, kisha katika 172 ya mwaka 1956.

Mguu huo ni imara na hautaki matunzo mengi, lakini faida yake ina gharama. Eropleni ingali angani, mguu usio na mzigo hujikunja chini na ndani, hivyo gurudumu hugusa ardhi kwa ukingo wa nje. Uzito ukishaukalia, miguu hutanuka na mpira husuguliwa na lami kwa mshazari. Ndiyo sababu eropleni ya wanafunzi, iliyo nyepesi na yenye kutua mara kwa mara, aghalabu hula ukingo wa nje, ilhali ile ilemewayo na shehena daima huelekea kula wa ndani. Upepo wa mpira ukipungua, kingo zote mbili hulika. Ukizidi, hulika katikati.

Mafundi walijifunza kusimamisha magurudumu juu ya mabati yaliyopakwa grisi, ili miguu itanuke kwa tabia yake kabla ya kupimwa, kisha kutia vipande vyembamba vya chuma vilivyochongwa mshazari kati ya ekseli na mguu. Na pengine huugeuza tu mpira juu ya rimu, upande mzima ukachukua zamu.

Basi mwenye eropleni asimlaumu muuza mipira kabla ya kupima upepo, uzito na mkao wa magurudumu yake.