Hospitali ya Mahujaji Iliyogeuka Hoteli

Wengi huuliza: Kwa nini msafiri akubali kulipa fedha nyingi alale katika nyumba ya kale, na huku karibu yake kuna nyumba mpya yenye kitanda kizuri kwa bei ndogo? Tutazame mji wa Santiago de Compostela, huko Hispania, ambako Wakristu tangu karne nyingi huenda kusali penye kaburi la Mtume Yakobo.

Mahujaji wa zamani walifika kwa miguu, wamechoka, wengine wagonjwa. Kwa sababu hiyo, mwaka 1499, Mfalme Fernando na Malkia Isabel waliamuru ijengwe hospitali karibu na kanisa kuu, mahujaji wapate malazi, chakula na dawa. Nyumba ile ilifanya kazi ya huruma kwa miaka zaidi ya 400. Halafu, mwaka 1954, ikafanywa hoteli ya serikali. Hoteli ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 1928 huko Gredos. Baadaye ngome na monasteri nyingi za kale ziligeuzwa vivyo hivyo.

Leo ni hoteli ya nyota 5, na bei ya chumba chake hupita mbali bei ya kitanda katika nyumba za kulala mahujaji. Mgeni analipia pia lango la mawe, nyua nne za ndani, na jina la wafalme. Kitanda kipya fundi aweza kukitengeneza kesho. Nyumba ya miaka 500 hakuna awezaye kuiongeza. Na kitu kisichoongezeka, kikitakwa na wengi, bei yake hupanda. Mwaka 1985 UNESCO iliuandika mji huo wa kale katika urithi wa dunia. Mwaka 2023 mahujaji waliopewa hati ya safari walipita 400,000.

Je, tulaumu? Kutunza mawe ya kale kuna gharama kubwa, na fedha za wageni husaidia. Lakini tusisahau: sifa inayowavuta matajiri ilipatikana kwa kuwapokea maskini bure. Hoteli yenyewe inakumbuka hayo, maana imeshika desturi ya kuwapa chakula bure mahujaji 10 wanaotangulia kufika. Ni wachache mno mbele ya umati ule.

Basi nasi, tukiwa na nyumba ya kale, tuwafundishe watoto kwanza ilijengwa kwa ajili ya nani, ndipo tuandike bei mlangoni.