Presha ikishuka, dawa ziachwe?

Kila tunapofungua laini za simu katika kipindi cha afya, swali moja halikosi: "Nimepima presha, imeshuka. Naweza kuacha dawa?" Madaktari tunaowaalika studio hujibu vilevile kila mara: usiache mwenyewe. Katika makala haya tunaeleza kwa nini, na pia mambo mengine yanayoulinda moyo mbali na vidonge.

Presha ni nini?

Presha, yaani shinikizo la damu, ni nguvu ya damu inapozisukuma kuta za mishipa. Namba ya juu huonyesha nguvu hiyo moyo unapopiga, ya chini unapopumzika. Mtu mzima akipimwa siku mbili tofauti na namba ya juu ikawa 140 au zaidi, au ya chini ikawa 90 au zaidi, huyo ana shinikizo la juu la damu. Mitaani tunaiita presha ya kupanda.

Hatari yake ni ukimya. Wengi wenye presha hawaumwi chochote, na kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, WHO, karibu nusu ya watu wazima wenye tatizo hili hawajui kwamba wanalo. Huku mtu akijiona mzima, misuli ya moyo hunenepa kwa kufanya kazi kupita kiasi, kisha huchoka. Mishipa nayo huharibika. Mwisho wake huweza kuwa kiharusi, shambulio la moyo au figo kushindwa kufanya kazi.

Kwa nini dawa zisiachwe?

Dawa ya malaria ukimaliza dozi, umepona. Ya presha haiko hivyo. Yenyewe huishikilia presha isipande, kwa hiyo kipimo kizuri ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Ukiiacha, presha hupanda tena, mara nyingi bila kukupa taarifa.

Wengine huacha kwa sababu ya madhara. Enalaprili na kaptoprili huweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, na amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Mwambie daktari, kwa kuwa zipo dawa nyingine anazoweza kukubadilishia. Kama shida ni fedha, sema pia bila aibu, ili akutafutie dawa unayoimudu. Usigawane vidonge na jirani, kwani dawa inayomfaa yeye huenda ikakudhuru wewe. Na kabla ya kununua dawa za maumivu kama daiklofenaki au ibuprofeni, mweleze muuza dawa kwamba una presha, maana huweza kuipandisha.

Wapo wanaopunguziwa dawa baada ya kubadili maisha, lakini hilo huamuliwa na daktari baada ya vipimo.

Nyumbani tufanye nini?

Tuanze na chumvi. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo chumvi ya mkate, ya samaki wa ng'onda na ya viungo vya pakiti. Ondoa kichupa cha chumvi mezani. Limau, tangawizi na kitunguu saumu vitakupa ladha. Ongeza mboga za majani, maharage na matunda, na punguza vyakula vya kukaanga.

Tembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Kushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani ni mwanzo mzuri. Acha sigara, punguza pombe na uzito uliozidi.

Kupima vizuri

Kaa kimya dakika tano, umeegemea kiti, nyayo zote zikiwa chini na mkono ukiwa usawa wa moyo. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, na nenda haja ndogo kwanza. Andika namba kwenye daftari na uende nalo kliniki. Daktari hujifunza mengi kutoka vipimo vya mwezi mzima kuliko kipimo kimoja.

Lini ukimbilie hospitali?

Usisubiri kesho ukiona maumivu ya kubana kifuani yanayoenda mkononi, mgongoni au kwenye taya, jasho jembamba au kukosa pumzi. Vivyo hivyo uso ukipinda ghafla, mkono ukikosa nguvu au maneno yakianza kukwama. Katika hali hizi kila dakika ina thamani.

Kama umri wako umefika miaka 40 na hujawahi kupima, pita kituo cha afya kilicho karibu nawe wiki hii. Na kama ulishaacha dawa, rudi kliniki. Hujachelewa.