Kutokwa na maziwa bila kunyonyesha: Huenda chanzo ni dawa

Mwanamke ambaye si mjamzito wala hanyonyeshi anaweza kutokwa na maziwa kutokana na dawa anazotumia kutibu maradhi mengine. Hali hiyo, ambayo kitaalamu huitwa galaktorea, kwa kawaida haitishii maisha, lakini huwatia wengi hofu na aibu, na wengine hushukiwa kuwa wameficha mimba.

Maziwa hutengenezwa kwa msukumo wa prolaktini, homoni itolewayo na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Kemikali nyingine ya ubongo, dopamini, huizuia tezi hiyo isitoe prolaktini kupita kiasi. Dawa inapozuia kazi ya dopamini, homoni huongezeka na matiti huanza kutoa maziwa. Hedhi nayo inaweza kuvurugika au kukoma.

Miongoni mwa dawa hizo ni haloperidoli, klopromazini na risperidoni, zinazotibu magonjwa ya akili. Metoklopramidi na domperidoni, zinazotuliza kichefuchefu. Na methildopa, inayoshusha shinikizo la damu. Baadhi ya akina mama hutumia domperidoni makusudi ili waongeze maziwa. Mwaka 2004, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya dhidi ya matumizi hayo, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Hatari kubwa hutokea mgonjwa anapoacha dawa kimyakimya. Anayetibiwa ugonjwa wa akili anaweza kurudiwa na maradhi, ilhali tatizo la maziwa lina ufumbuzi: daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Aripiprazoli, kwa mfano, kwa kawaida haipandishi prolaktini.

Hata hivyo, si kila galaktorea hutokana na dawa. Hospitalini hupimwa kwanza mimba, kisha kiwango cha prolaktini na utendaji wa tezi ya thairoidi. Maumivu ya kichwa yanayoambatana na kufifia kwa macho yanaweza kuashiria uvimbe kwenye pituitari, ambao aghalabu si saratani. Majimaji yenye damu, yanayotoka titi moja pekee, au kuwepo kwa kinundu, huhitaji uchunguzi wa haraka.

Mgonjwa anashauriwa kwenda kwa daktari na dawa zote anazotumia, zikiwemo za kupanga uzazi na za mitishamba.