"Contact Myself": Kimombo cha Maofisini na Historia Yake

Kama unafanya kazi kwenye ofisi yoyote ya mjini yenye kompyuta na meneja, barua pepe hii unaijua: "Kindly revert to myself or the HR manager before Friday." Au ile ya kikao: "The Director and myself will attend." Aliyeandika ana digrii, pengine mbili. Ukimwambia kwamba hapo alitakiwa kuandika "me", na pale pengine "I", atakuangalia kama vile umemvua tai hadharani.

Wajuzi wa ung'eng'e hucheka. Wanasema ni uvivu, ni Kiingereza cha kuungaunga, ni matunda ya shule zetu. Mimi nina mashaka na hukumu hiyo, kwanza kwa sababu kosa hili si letu. London wanalo, Chicago wanalo, Dublin ndiyo usiseme. Pili, ukifuata historia yake unakuta kwamba wanaolifanya sana siyo waliokwepa shule bali waliokwenda na wakasikiliza kwa makini.

Kanuni yenyewe ni rahisi, na sisi Waswahili tunaielewa haraka kuliko Mwingereza. Tunacho kisilabi "ji". Nikisema "nimejikata", mkataji ni mimi na aliyekatwa ni mimi. Kiingereza kinaiweka kazi hiyo kwenye "myself", "himself" na ndugu zao. Sasa kwenye "contact myself" wa kupiga simu ni wewe na wa kupigiwa ni mimi. Hakuna kitu kilichomrudia mtendaji. Ni kama mtu aandike "jipigie simu" wakati anataka kusema "nipigie".

Mpaka hapo wajuzi wako sawa. Tatizo linaanza ukiuliza hiyo "myself" imetoka wapi.

Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, hakikuwa na kitu kama "ji" yetu. Sisi tunatofautisha "alijiua" na "alimuua" kwa silabi moja tu. Wao walikuwa na sentensi moja kwa yote mawili, msikilizaji achague maana kutokana na mazungumzo. Kijerumani, ndugu yao wa damu, kina "sich" mpaka leo. Waingereza hawakuwa nayo. Ndani ya Beowulf, utenzi wao mkongwe, shujaa anapojivika silaha za vita kinachotumika ni kile kiwakilishi cha kawaida cha "yeye", basi.

Neno "self" lilikuwepo, lakini kazi yake ilikuwa tofauti. Lilikuwa la kutilia mkazo, kama "mwenyewe" yetu: mfalme mwenyewe, mimi mwenyewe. Taratibu watu wakaanza kulibandika kwenye kiwakilishi pale ambapo maana ingeweza kupotea. Alimuua, yaani yeye mwenyewe, siyo jirani. Karne zikapita, mkazo ukazoeleka, na kilichokuwa pambo kikageuka kuwa kanuni. Hata hivyo hakikushika kila mahali kwa mara moja. Fungua Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, utakuta watu bado wanajilaza kwa "me" na "him" bila "self" yoyote.

Kwa hiyo "-self" ilianza kwenye mkazo, ikaja kupewa kazi ya kumrudia mtendaji baadaye. Kiingereza kimebaki na kifaa kimoja kwa kazi mbili, wakati sisi tunavyo viwili: "ji" ndani ya kitenzi, na "mwenyewe" nje yake. Ndiyo maana mtoto wa Kiswahili hawezi kuchanganya "nimejiona" na "nimeona mwenyewe", ila Mwingereza anatumia "myself" kwa zote mbili. Kifaa cha kazi mbili ni rahisi kukiazima kwa kazi ya tatu.

Halafu kuna fujo ya maumbo. Umewahi kujiuliza kwa nini ni "myself" na "yourself", lakini ni "himself" na "themselves"? Mbili za kwanza zimejengwa kwa "yangu" na "yako", mbili za mwisho kwa "yeye" na "wao" wa kutendwa. Maelezo ni kwamba zamani ilikuwa "me self". Matamshi yalipolegea ikasikika kama "mi self", na katikati ya yote alikuwepo "herself". Kwa Kiingereza "her" ni yeye na ni yake pia, umbo ni hilo hilo. Watu wakaisikia kama "nafsi yake", wakaona basi "self" ni nomino kama kikombe au kiti, ndipo "me self" ikawa "my self". "Himself" ikakataa kuhama. Ile "s" ya wingi kwenye "ourselves" na "themselves" nayo ikaja kushika katika karne ya 16.

Matokeo yake ni kichekesho cha tabaka. Mkulima wa Kiingereza anayesema "hisself" na "theirselves" ndiye anayefuata mantiki kuliko profesa, maana amenyoosha mstari wote. Na ndiye anayechekwa. Robert Lowth, aliyekuja kuwa Askofu wa London, alichapisha kitabu chake maarufu cha sarufi mwaka 1762, na humo aliona kwamba "himself" katika nafasi ya mtenda imetokana na kuharibika, ilipaswa kuwa "his self". Kwa maneno mengine, askofu alikuwa upande wa mkulima! Shule hazikumsikiliza kwenye hilo.

Kwenye mengine zilimsikiliza. Yeye, na baada yake Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York na kutoa sarufi yake mwaka 1795, ndio waliofundisha vizazi vya Waingereza kwamba lugha yao ina makosa ya kusahihishwa. Vitabu vya Murray viliuzwa kama maandazi pande zote mbili za Atlantiki. Walimu wakavibeba, na hapo ndipo kwa maoni yangu "myself" ya ofisini ilipopata mbolea.

Fikiria mtoto anayesema "John and me went to the market." Mwalimu: hapana, "John and I"! Kesho anasema "it's me". Hapana, "it is I"! Baada ya miaka kumi ya kukatizwa hivyo, mtoto haondoki na kanuni, anaondoka na hofu. Anajua "me" ni neno la hatari. Basi anaanza kuweka "I" hata pasipofaa, "between you and I", akidhani ndiyo usomi. (Shakespeare naye aliiweka hiyo ndani ya The Merchant of Venice, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kuwa Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Lakini Shakespeare hakuwa na mwalimu wa Murray wa kumuogopa, kwa hiyo siri yake anaijua mwenyewe.) Halafu anakuja kusikia kwamba "between you and I" nayo ni kosa. Sasa akimbilie wapi? "Me" ni uchafu, "I" ni mtego. Iko "myself", ndefu, ya heshima, imekaa katikati bila kumtishia mtu.

Red Smith, mwandishi wa michezo wa Marekani aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1976, aliwahi kusema jambo la aina hiyo kwa ukali zaidi: kwamba "myself" ni kichaka cha wajinga waliofundishwa utotoni kuwa "me" ni tusi. Nampenda Smith, ila hapo kwenye ujinga namkatalia. Samuel Johnson, yule wa kamusi ya 1755, aliandika barua mwaka 1782 akieleza kuwa Williams na Desmoulins, wanawake wawili waliokaa nyumbani kwake, pamoja na yeye ni wagonjwa. Yeye alijitaja kwa "myself", tena kama mtenda wa sentensi. Ukimwita Johnson mjinga wa Kiingereza tutakosa wa kumwita mjuzi.

Kuna sababu nyingine ambayo wacheshi hawaitaji, nayo ni adabu. Kiingereza kiliwahi kuwa na "thou" ya mtu wa karibu au mdogo, na "you" ya mkubwa. "Thou" ikafifia kwenye lugha ya kawaida kufikia karne ya 18, ikabaki "you" kwa bosi, mtoto na mbwa. Sisi tunalo "shikamoo", tunalo "mzee", tunalo "mama". Mfanyakazi wa huduma kwa wateja kule Uingereza anayemwambia mteja "is that okay for yourself?" hana hata kimoja. Anarefusha neno ili heshima ipate mahali pa kukaa. Ukiusikiliza kwa sikio la Mswahili, unamuonea huruma.

Waairishi wamefika mbali zaidi. Kwao "himself" inaweza kusimama peke yake kwa maana ya mkubwa wa nyumba. Mgeni anagonga na kuuliza kama "himself" yupo. Nilipolisoma hili nilicheka peke yangu, maana ni hodi yetu kabisa: "Hodi! Wenyewe wapo?" Neno la nafsi limekuwa neno la mwenye mali, Dublin na Tanga, bila watu hao kuazimana chochote.

Na tusijifanye watakatifu. Kwenye mikutano yetu nani hajasikia "mimi binafsi", "mimi kama mimi", au ule mlolongo wa "mimi mwenyewe binafsi kwa nafsi yangu"? Nafsi tumeipata kwa Waarabu, ambao kwao neno hilo hilo hubeba kazi ya kumrudia mtendaji. Sisi tumeligeuza kuwa tai ya kuvaa mbele ya kipaza sauti. Haliongezi habari hata chembe. Linaongeza uzito wa msemaji, kama "myself" inavyoongeza uzito wa meneja.

Ninayaandika haya siyo kwa sababu ya kupenda sarufi tu. Nimewahi kukaa chumba ambamo barua za maombi ya kazi zilikuwa zinachambuliwa, na moja ilimalizia kwa "for any clarification please contact myself". Ikasomwa kwa sauti. Watu wakacheka, ikawekwa kwenye lundo la wasioitwa, na hakuna aliyefungua vyeti vilivyokuwa nyuma yake. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupiga picha. Wawili kati ya waliocheka nina barua pepe zao zenye "yourself" isiyo na kichwa wala miguu, ila wao walishaajiriwa.

Wataalamu wa leo wametulia zaidi kuliko chumba kile. Sarufi kubwa ya Cambridge iliyotoka mwaka 2002, ya Huddleston na Pullum, inaitaja "myself" ya namna hii kama matumizi yaliyopo, hasa katika nafsi ya kwanza na ya pili na hasa jina linapofuatana na jina lingine, huku ikieleza kwamba wapo wanaoyapinga. Mimi kwenye habari yangu siiweki, kwa sababu mhariri ataikata na msomaji atasitasita. Anayetaka kuikwepa afanye hivi: aondoe mwenzake kwenye sentensi. "The Director and myself will attend" ikibaki "myself will attend", sikio lenyewe litakataa.

Wakati sisi tunagombana na "myself", Waingereza wenyewe wamehamia kwenye "themself", kwa mtu mmoja ambaye hutaki au huwezi kusema ni mwanamume au mwanamke. Wapo wanaokasirika kwamba ni uzushi wa vijana wa siku hizi. Umbo hilo lilikuwepo kabla "themselves" haijashika, na kamusi ya Oxford na ya Merriam-Webster zote zinalo.